Jina Collins: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nchini Kenya ni nadra kupita shule nzima bila kumkuta Collins. Ireland nako utamkuta, ila huko ni jina la ukoo: hurithiwa kutoka kwa baba, huandikwa juu ya milango ya maduka na kuchongwa makaburini. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayojirudia kila jina hili linapozungumzwa. Mahali pengine neno Uingereza hutumika kwa ufalme wote; humu lina maana ya nchi ya Waingereza peke yake, bila Scotland wala Wales.

## Misingi

1. Collins ni jina la Kiairishi au la Kiingereza?

Yote mawili, na hapo ndipo wengi hupotea njia. Kuna mashina mawili yasiyo na undugu wa damu wala wa lugha. La kwanza ni Ó Coileáin, jina la Kiairishi kutoka kusini-magharibi mwa Ireland. La pili lilizaliwa Uingereza katika Zama za Kati, kutokana na jina la ubatizo Nicholas. Karne zilivyopita, makarani waliyaandika yote kwa herufi zilezile, na leo ukiliona jina peke yake huwezi kujua limetoka shina lipi. Utakachotegemea ni mahali familia ilikoishi (tazama swali la 15).

2. Ó Coileáin maana yake nini?

Ó ni "mjukuu wa" au "wa kizazi cha". Coileán ni mtoto wa mbwa. Kwa hiyo Ó Coileáin ni wa kizazi cha mtu aliyeitwa Coileán.

Najua neno hilo linavyosikika masikioni mwetu. Kumwita mtu mtoto wa mbwa ni kutafuta ugomvi. Waairishi wa kale waliliona tofauti kabisa: mbwa wa vita na wa kuwinda alikuwa mnyama wa wakuu, na kijana shujaa alisifiwa kwa kufananishwa naye. Shujaa mkubwa kuliko wote katika hadithi zao, Cú Chulainn, jina lake ni "mbwa wa Culann". Alipozaliwa aliitwa Sétanta. Siku moja akiwa bado mtoto aliliua jibwa la mhunzi Culann lililomvamia, na alipoona mwenyeji wake amebaki bila mlinzi, akaahidi kuilinda nyumba hiyo yeye mwenyewe mpaka mbwa mwingine akue. Jina likamganda, naye alilibeba kwa fahari. Majina mengine ya ukoo yana asili kama hiyo, kama Ó Faoláin, linalotokana na neno la mbwa mwitu.

3. Mwanamke wa ukoo huo anaitwaje?

Kwa Kiairishi jina hubadilika. Binti ni Ní Choileáin, na mke aliyeolewa katika ukoo ni Uí Choileáin. C ya mwanzo inakuwa Ch na kutamkwa karibu na "kh" yetu ya "kheri". Kwa Kiingereza wote ni Collins.

4. Na lile la Kiingereza lilitokeaje?

Nicholas lilikuwa miongoni mwa majina yaliyopendwa mno Ulaya ya Zama za Kati, kwa heshima ya Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Myra katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Asili yake ni Kigiriki, maneno mawili yenye maana ya ushindi na watu. Jina refu hukatwa, na Nicholas lilikatwa likawa Col. Kisha likaongezwa kiambishi cha udogo -in, kwa mtindo wa Kifaransa uliofika Uingereza na Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, likawa Colin au Collin, kama mtu anavyomwita mtoto wake kwa mapenzi.

Herufi s ya mwisho ni ya umilikaji: Collins ni "wa Collin", mtoto wake au mtu wa nyumba yake. Kusini na magharibi mwa Uingereza walipenda s hiyo, kaskazini walipendelea -son. Ndiyo maana kuna Collins na kuna Collinson, na maana yao ni moja.

## Historia ya Ireland

5. Ukoo wa Ó Coileáin ulitoka wapi hasa?

Walikuwa watawala wa Uí Chonaill Gabhra, eneo la magharibi mwa kaunti ya Limerick. Jina la eneo hilo bado lipo kwenye ramani za zamani za baroni, yaani wilaya za kale za Ireland: Connello ya Juu na Connello ya Chini. Katika karne ya 13 nguvu zao zilivunjwa, hasa kwa shinikizo la FitzGerald, ukoo wa Kinormani uliokuwa ukijitanulia milki Munster, jimbo la kusini mwa Ireland. Sehemu kubwa yao wakahamia kusini, Cork magharibi, kwenye nchi ya Carbery: Clonakilty, Rosscarbery na Skibbereen. Mpaka leo Cork ndiko Collins walikojaa.

Habari moja ya wakati huo huwa hainitoki. Kumbukumbu za Mabwana Wanne, zilizokusanywa kati ya 1632 na 1636 na mtawa Mícheál Ó Cléirigh na wenzake, zinasema chini ya mwaka 1266 kwamba Mathghamhain Ó Cuileáin, bwana wa Claonghlais, aliuawa na mke wake mwenyewe kwa pigo moja la kisu, kwa sababu ya wivu. Basi, hakuna zaidi. Mstari mmoja ndani ya karne nzima ya vita, na ghafla ukoo huu unakuwa na chumba, mume, mke na kisu. Angalia pia tahajia: Ó Cuileáin, kwa u. Ni jina lilelile kabla halijatulia kwenye maandishi.

6. Ni kweli majina ya ukoo ya Ireland ni ya kale sana?

Ndiyo, ni miongoni mwa ya kale zaidi Ulaya. Kifo cha bwana mmoja wa ukoo wa Ó Cléirigh kiliandikwa mwaka 916, na wanahistoria hukitaja kama mfano wa mapema wa jina la ukoo la kurithiwa. Uingereza majina ya kurithiwa yalienea baada ya Wanormani kuingia mwaka 1066, na watu wa kawaida walichelewa zaidi.

7. Ilikuwaje Ó Coileáin akawa Collins?

Wengi hudhani siku moja sheria ilipitishwa na majina yakabadilishwa kwa amri. Sheria ilikuwepo. Mwaka 1465 Waairishi waliokaa kwenye kaunti zilizoshikwa na Waingereza kuzunguka Dublin waliamriwa kuchukua majina ya Kiingereza: ya mji, kama Sutton au Chester, ya rangi, kama nyeupe, nyeusi au kahawia, ya kazi, kama mhunzi au seremala, au ya cheo, kama mpishi. Lakini sheria hiyo haikuwa na meno nje ya eneo hilo, na Cork magharibi ilikuwa mbali nalo.

Kilicholibadilisha jina ni kalamu. Katika karne ya 16 na ya 17 utawala wa Kiingereza ulienea kisiwa kizima. Mahakama, mikataba ya ardhi na orodha za kodi vikawa vya Kiingereza. Mkulima anasimama mbele ya karani, anasema "Ó Coileáin", ambalo kwa sikio la Kiswahili linakaribia "o kilan" au "o kolan" kutegemea anakotoka. Karani hajui Kiairishi. Anaandika anachosikia: O'Collane, O Cullane. Baadaye karani mwingine anakumbuka kwamba kwao kuna jina linalofanana, Collins, na anaona njia ya mkato. Mkulima hakubishana, kwani mwenye kalamu ndiye mwenye ardhi. Na Ó yenyewe iliachwa na koo nyingi katika karne ya 17 na ya 18, nyakati ambazo kuonekana Mwairishi Mkatoliki kulimnyima mtu haki nyingi za umiliki na kazi.

Kwa hiyo jina halikutafsiriwa. Lingetafsiriwa, wangeitwa kwa neno la Kiingereza la mtoto wa mbwa. Lilifananishwa tu na lililokuwa karibu.

8. Mbona akina O'Brien wana O yao na Collins hawana?

Conradh na Gaeilge, chama cha kufufua lugha ya Kiairishi, kilianzishwa mwaka 1893, na wakati wa uamsho ule koo nyingi zilirudisha O na Mac. Kwa Brien ilitosha kuongeza herufi moja mbele. Kwa Collins ilikuwa vigumu, maana s ya mwisho tayari ilikuwa imelipa jina sura ya Kiingereza, na O'Collins lilionekana geni. Wenye kutaka jina lao la asili waliandika Ó Coileáin moja kwa moja, kwa Kiairishi.

9. Michael Collins alikuwa wa shina lipi?

La Kiairishi, bila shaka yoyote. Alizaliwa 16 Oktoba 1890 Woodfield, karibu na Sam's Cross na Clonakilty, katikati ya nchi ya ukoo huo. Akiandika kwa Kiairishi aliitwa Mícheál Ó Coileáin. Alifanya kazi London kuanzia 1906, katika benki ya akiba ya posta, akarudi kupigana katika maasi ya Pasaka ya 1916, akafungwa Frongoch nchini Wales. Baadaye akawa Waziri wa Fedha wa serikali ya wapigania uhuru na kiongozi wa ujasusi wao. Alikuwa mmoja wa waliotia saini Mkataba wa amani wa 6 Desemba 1921 na serikali ya London. Aliuawa katika shambulio la kuvizia Béal na Bláth, Cork, 22 Agosti 1922. Alikuwa na umri wa miaka 31.

Jambo moja la maisha yake linamgusa kila anayetafuta nasaba Ireland, awe Collins au asiwe. Juni 1922, serikali ya mpito aliyoiongoza ilipiga mizinga majengo ya mahakama ya Four Courts mjini Dublin, yaliyokuwa yameshikwa na wapinzani wa Mkataba. Ndani yake ilikuwemo Ofisi ya Kumbukumbu za Umma. Tarehe 30 Juni mlipuko na moto viliteketeza karne za nyaraka: karibu sensa zote za 1821 hadi 1851, wosia, madaftari ya parokia nyingi za Kanisa la Ireland (la Kianglikana). Mabaki ya karatasi zilizoungua yalipeperushwa juu ya jiji. Mwaka 2022, miaka 100 baadaye, ulizinduliwa mradi wa kuijenga upya hazina hiyo kidijitali kutokana na nakala zilizosalia kwingine. Inauma, na inapaswa kuuma.

## Kutawanyika

10. Collins walifikaje Marekani?

Kwa mawimbi mawili tofauti. Wale wa Kiingereza walianza kufika makoloni ya Marekani katika karne ya 17. Wale wa Kiairishi walimiminika hasa wakati wa Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852, gonjwa lilipoozesha viazi shambani. Takriban watu milioni moja walikufa na wengine milioni moja wakahama. Skibbereen, katikati ya nchi ya Ó Coileáin, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia vibaya zaidi. Makaburi ya Abbeystrowry yana maelfu waliozikwa shimo la pamoja bila majina. Katika waliovuka bahari miaka ile alikuwemo mtoto kutoka karibu na Fermoy, Cork, aliyezaliwa 1844: Patrick Collins, ambaye alikuja kuwa Meya wa Boston kuanzia 1902 mpaka alipofariki 1905.

11. Je, Wamarekani weusi wenye jina Collins wana asili ya Ireland?

Wapo wanaoweza kuwa nayo, lakini jina si ushahidi. Watumwa walioachwa huru mwaka 1865 walijipatia majina ya ukoo kwa njia nyingi. Wengine walichukua la bwana wa mwisho, wengine la bwana wa zamani zaidi ambako wazazi wao waliuzwa, wengine walichagua wenyewe. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wengi wao kwa majina, na utafiti mara nyingi hugonga ukuta hapo. Addie Mae Collins, msichana wa miaka 14 aliyeuawa na bomu la wabaguzi katika kanisa la Kibaptisti la 16th Street mjini Birmingham, Alabama, 15 Septemba 1963, alibeba jina hili. Anastahili kukumbukwa katika historia yake kama wale wa Cork.

Kuna pia Wamelungeon wa milima ya Appalachia, hasa kaunti ya Hancock, Tennessee, ambao Collins ni moja ya majina yao makuu pamoja na Gibson, Goins na Mullins. Ni watu wa damu iliyochanganyika, na vipimo vya DNA vimeonyesha mababu wa Kiafrika katika baadhi ya mistari yao ya kiume.

12. Kamusi za Collins zina uhusiano na ukoo huu?

Zimeitwa kwa jina la William Collins, aliyeanzisha kampuni ya uchapaji Glasgow, Scotland, mwaka 1819. Ni jina lilelile. Haimaanishi ni ukoo uleule. Hivyo pia barabara ya Collins mjini Melbourne, iliyoitwa kwa David Collins, mzaliwa wa London aliyekuwa gavana mdogo katika makoloni ya Australia.

## Afrika Mashariki

13. Mimi ni Mkenya naitwa Collins. Nina asili ya Ireland?

Hapana, si kwa sababu ya jina hili. Kenya, Collins ni jina la kwanza la mwanamume, la ubatizo au la shule, na jina la nyumbani hufuata nyuma yake: Otieno, Wekesa, Kiprono. Asili yako imo katika jina hilo la pili. Collins Injera, mchezaji wa raga ya wachezaji saba ambaye mwaka 2016 alishika rekodi ya dunia ya kufunga trai nyingi katika mfululizo wa kimataifa, ni Collins wa mtindo huu.

Kugeuza jina la ukoo la kigeni kuwa la kwanza ni jambo la kawaida kwetu. Angalia akina Kennedy na Clinton waliojaa kila kijiji. Utakuta hata tahajia ya Collince, ambayo ni yetu. Jina limepata maisha mapya huku, na halihitaji kibali cha mtu.

14. O ya O'Brien na O ya Otieno au Odhiambo ni moja?

Hapana. Ya Kiairishi ni neno kamili, "mjukuu wa". Ya Kijaluo ni kiambishi cha majina ya kiume, na wenzao wa kike huanza na A: Otieno na Atieno kwa waliozaliwa usiku. Kufanana ni kwa bahati tu.

## Kufuatilia nasaba

15. Nitajuaje kama Collins wangu ni wa Ireland au wa Uingereza?

Tafuta kijiji, usitafute jina. Ukipata parokia ya Cork au Limerick na familia ya Kikatoliki, uwezekano mkubwa ni Ó Coileáin. Ukipata Devon au Kent kabla ya 1800, karibu hakika ni watoto wa Nicholas. Majina ya kwanza nayo husema: Timothy, Jeremiah na Cornelius ni majina yaliyopendwa sana na Wakatoliki wa Cork, yakiwakilisha Tadhg, Diarmuid na Conchobhar.

DNA husaidia ukiilinganisha na familia nyingine zinazojua kijiji chao. Kuambiwa tu kwamba uko kundi la R1b la nasaba ya baba hakukupi chochote, kwani kundi hilo limetawala Ireland na Uingereza pia.

16. Nyaraka zipi nianze nazo?

Anza na watu walio hai, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Uingereza, vizazi na vifo vinaandikishwa serikalini tangu Julai 1837, na madaftari ya parokia yaliamriwa kuanzia 1538. Ireland, uandikishaji wa wote ulianza 1864, ingawa ndoa zisizo za Kikatoliki ziliandikishwa tangu 1845. Sensa za Ireland za 1901 na 1911 zipo bure mtandaoni, na Maktaba ya Taifa ya Ireland imeweka picha za madaftari ya parokia za Kikatoliki tangu 2015. Pengo la katikati, lililosababishwa na yale ya swali la 9, huzibwa kiasi na Tathmini ya Griffith, orodha ya waliokalia ardhi kati ya 1847 na 1864.

17. Nembo ya ukoo wa Collins ni ipi?

Hakuna. Nembo hutolewa kwa mtu na kurithiwa na kizazi chake, haitolewi kwa kila mwenye jina. Zile zinazouzwa kwenye vikombe na fulana zilikuwa za Collins fulani, ambaye huenda hamna uhusiano wowote.

18. Cullen, Cullinane na Culhane ni Collins pia?

Ni majina tofauti. Cullen na Cullinane yanahusishwa na mti wa miiba wa kijani uitwao cuileann. Culhane ni Ó Cathláin, na hupatikana Limerick. Lakini karani aliyeandika kwa masikio (swali la 7) angeweza kumwandika Cullinane kuwa Collins, na ndugu wawili wa tumbo moja wakaishia na majina mawili. Usimwondoe mtu kwenye orodha yako kwa sababu ya tahajia.

19. Babu yangu Collins alitoka Cork, lakini alikuwa Mprotestanti. Inawezekana?

Inawezekana kabisa, na ndiyo hali ngumu kuliko zote. Baada ya uasi wa akina FitzGerald wa Desmond kushindwa mwaka 1583, serikali ya Kiingereza iligawa ardhi ya Munster kwa walowezi. Bandon ulijengwa na walowezi Waprotestanti, na Clonakilty ulipewa hati ya mji mwaka 1613 kwa juhudi za mlowezi tajiri Richard Boyle. Kwa hiyo Collins wa Kiingereza angeweza kufungua duka mtaa uleule ambao Ó Coileáin alileta siagi yake sokoni, na vitukuu vyao wakaandikwa kwa jina moja na karani mmoja. Waliooana walibadili dini upande huu au ule.

Hapo fungua karatasi ya sensa ya 1901 na usiishie kwenye safu ya dini. Karibu na mwisho kuna safu ya lugha. Ikiwa kwenye mstari wa babu au bibi wa nyumba hiyo pameandikwa kwamba alizungumza Kiairishi na Kiingereza, anza kutafuta kwa upande wa Ó Coileáin. Ikiwa safu hiyo ni tupu kwa nyumba nzima, wakati majirani wote wa rika lao wameandikiwa Kiairishi, anza na walowezi.